"Imehifadhiwa Vizuri": Maneno Mawili Yenye Uzito

 Somo letu la leo ni juu ya maneno mawili tu. Mwenye kuuzisha anayaandika kwa dakika moja, lakini mwenye kununua anaweza kuyalipia kwa miaka mingi. Maneno hayo ni haya: "Imehifadhiwa vizuri."

Ndugu mmoja msikilizaji wetu, mtoto wa huku kwetu Kivu ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Birmingham, Uingereza, ametuletea ulizo. Ameona tangazo la motokari ya zamani: Rover 2000 ya mwaka 1972, nyeupe, milango minne. Tangazo linasema kwamba mwenyewe alikuwa mzee mmoja tu tangu mwanzo, kwamba imetembea maili 34,000, ni kusema kilometa kama 55,000, na kwamba imehifadhiwa vizuri. Mzee amefariki, watoto wanaiuzisha. Bei wanayoomba ni akiba yote ya nyumba ya ndugu yetu kwa miaka miwili. Mama wa nyumba anasema hapana. Baba anasema picha zinang'aa, na nafasi kama hiyo hairudi. Sasa wanatuuliza: Pasta, tununue?

Baba na mama, mimi sitawaambia nunueni, wala sitawaambia msinunue. Nyumba ni yenu, na akiba ni yenu. Tena sitasema kwamba kupenda kitu kizuri cha zamani ni dhambi. Mtu anaweza kupenda kazi ya mikono ya watu waliomtangulia, na akaitunza, bila kuiabudu. Lakini nimezungumza na mafundi wa hapa na ndugu walio kule, nimesoma juu ya motokari hiyo, na nimeona kwamba hiyo Rover yenyewe inaweza kutufundisha namna ya kupima neno la mtu. Twende pole pole.

Kwanza, tujue ni kitu gani kinachouzishwa.

Wengi wenu mnaijua Land Rover, ile ya wamisionari na ya njia mbaya. Iliyokuwa ikiunda Land Rover ni kampuni ya Rover, katika mji wa Solihull, pembeni ya Birmingham. Hapo hapo Solihull, mwaka 1963, kampuni hiyo ilitoa motokari ya mjini, ya familia na ya watu wa ofisi: Rover 2000. Wahandisi wenyewe waliiita P6. Waandishi wa magazeti ya motokari wa Ulaya walipoanza kuchagua Motokari ya Mwaka ya Ulaya, ya kwanza kabisa kupewa heshima hiyo, kwa mwaka 1964, ilikuwa hii. Iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1977, na zilitoka zaidi ya 320,000. Tangu mwaka 1968 kulikuwa pia na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, Rover 3500, yenye motere ya silinda nane ya aluminiyo ambayo asili yake ni Buick ya Marekani. Motere hiyo ndiyo iliyokuja kuwekwa baadaye ndani ya Range Rover.

Kwa hiyo ndugu yetu hajapenda takataka. Amependa kitu ambacho watu wenye akili walikifikiri sana. Lakini sikilizeni sasa namna ilivyoundwa, maana hapo ndipo somo letu lilipo.

Motokari nyingi ndogo, bati la nje limechomelewa pamoja na mwili wake, na linasaidia kubeba uzito. Rover hii sivyo. Ndani kuna kiunzi cha chuma, kama mifupa ya mtu, na mifupa hiyo ndiyo inabeba kila kitu: motere, magurudumu, viti na watu. Halafu bati zote za nje zimefungwa juu ya mifupa hiyo kwa bolti: milango, bati za juu ya magurudumu, kapo ya mbele, kifuniko cha kofri ya nyuma. Unaweza kuzifungua zote, na kile kinachobaki bado ni motokari inayoweza kutembea. Waliiunda hivyo kwa nia njema. Ukigongwa pembeni, unafungua bati moja, unafunga lingine, umemaliza.

Mmeona hatari iko wapi? Mtu anaweza kununua bati nzuri, akazipaka rangi mpya, akazifunga, na motokari ikang'aa kama siku ya arusi. Na chini yake mifupa imeoza. Picha haidanganyi juu ya bati. Ila bati si motokari. Mtu akisema juu ya Rover hii "imehifadhiwa vizuri" na macho yake yameishia kwenye rangi, bado hajasema kitu.

Na adui wa mifupa hiyo ni nani? Ni chumvi. Sisi tukisikia chumvi tunafikiri chakula, tunafikiri kitu kinachozuia samaki asioze. Kule Uingereza, wakati wa baridi kali, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na watu wasiteleze. Chumvi hiyo pamoja na maji inarushwa na magurudumu, inaingia chini, inakaa kwenye pembe ambazo hakuna mtu anayeosha, na inakula chuma. Kitu kile kile kinachookoa maisha ya watu barabarani kinaua motokari yao polepole.

Pili, tujifunze kutazama mahali pasipoonekana.

Ndugu yetu, andika mambo haya. Usiende peke yako. Nenda na fundi anayeijua aina hiyo. Rover hizo bado zina vyama vya wenyewe huko Uingereza, na ndani yao kuna watu wanaojua kila bolti. Nenda mchana, si jioni, na usiende siku ya mvua, kwa sababu maji yanaficha kasoro za rangi.

Ukifika, usianze na kapo. Inama. Tazama vizingiti vya chini ya milango, pande zote mbili. Vina kifuniko cha nje, na kifuniko kinaweza kuwa kipya huku chuma cha ndani kimeisha. Kwa hiyo omba kifunguliwe. Halafu omba ruhusa ya kuinua kiti cha nyuma, utazame chuma kilicho juu ya magurudumu ya nyuma. Fungua milango ya nyuma, tazama nguzo zilizo nyuma yake, kwa chini. Fungua kofri, inua zulia, tazama pembe za sakafu. Fundi yeyote wa P6 atakuambia kwamba kutu inapenda sehemu hizo.

Halafu freni. Diski za freni za nyuma haziko ndani ya magurudumu kama ulivyozoea. Ziko katikati, pembeni ya difransiali, mahali mkono hauingii kwa urahisi. Kwa sababu ni kazi ngumu kuzifikia, wenye motokari wengi wanaziahirisha mwaka huu na mwaka ujao. Motokari ambayo imesimama muda mrefu kwenye garaje kavu, chini ya kitambaa, inaweza kuwa na rangi safi kabisa na freni za nyuma zilizoshikana. Hivyo mtu akikuambia "haikutembea sana", usifurahi upesi. Muulize: ilipokuwa imesimama, nani aliitunza?

Kuna pia jambo la sumaku. Mafundi wana kawaida ya kuchukua sumaku ndogo, kuifunga kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, na kuipitisha juu ya bati. Penye chuma inashika. Penye mastiki iliyojazwa kuficha shimo haishiki. Ni njia nzuri. Lakini kwenye Rover hii, ukiweka sumaku juu ya kapo na kifuniko cha kofri, haitashika hata kidogo, hata kama motokari ni safi tangu kiwandani. Kwa nini? Kwa sababu sehemu hizo mbili ziliundwa kwa aluminiyo, na aluminiyo haishiki sumaku.

Wapendwa, sumaku hiyo isitupite hivi hivi. Mtu mwenye maarifa nusu angefika pale, angeweka sumaku, ingeanguka, naye angepiga kelele: "Ninyi ni waongo, mmejaza mastiki!" Angewavunjia heshima watoto wa marehemu ambao hawakufanya kosa lolote. Kupima ni vizuri. Lakini ujue kwanza kipimo chako kinapima nini, kabla ya kumhukumu mtu.

Sasa zile maili 34,000. Kompteri, ile saa yenye kuhesabu umbali, katika motokari nyingi za wakati ule ilikuwa na tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi kwenye sifuri. Kwa hiyo 34,000 inaweza kuwa 34,000 kweli, na inaweza kuwa 134,000. Hakuna mtu aliyeigusa, hakuna mtu aliyeiba, na bado namba si kweli. Ushahidi uko kwenye karatasi: fakture za mafundi, vitabu vya huduma, vyeti vya ukaguzi wa mwaka ambao wao wanauita MOT. Kule, mtu yeyote anaweza kuangalia bure kwenye tovuti ya serikali historia ya ukaguzi wa motokari, tangu mwaka 2005, kwa kuandika namba ya plake. Kila mara imeandikwa umbali iliokuwa imetembea na kasoro zilizokutwa. Linganisha na tangazo. Karatasi zikikubaliana, neno la mwenye kuuzisha limepata mashahidi.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize sana: nani anakagua wakati sheria imeacha kukagua?

Tangu Mei 2018, Uingereza motokari nyingi zilizopita miaka 40, kama hazikubadilishwa sana, hazilazimishwi tena kwenda kwenye ukaguzi wa MOT. Rover ya 1972 ni mojawapo. Inaweza kuwa haijaonwa na mkaguzi kwa miaka mingi, na sheria haijavunjwa. Lakini sheria ile ile inasema mwenye motokari bado anapaswa kuhakikisha iko salama barabarani. Ukaguzi umeondolewa, jukumu limebaki. Na anayependa anaweza kuipeleka kwa ukaguzi kwa hiari yake. Ndugu yetu, waambie hivyo kwa heshima: "Mimi niko tayari kulipa gharama ya ukaguzi. Mnakubali tuipeleke?" Jibu lao litakuambia mambo mengi kuliko picha.

Kuna jambo la pili la sheria. Kule, ukinunua kwa mfanyabiashara wa motokari, sheria inakulinda kwa nguvu. Kitu kinapaswa kuwa na ubora wa kuridhisha. Ukinunua kwa mtu wa kawaida, nyumbani kwake, ulinzi huo ni mdogo. Yeye anapaswa kuuzisha kitu kinacholingana na maneno aliyosema, na haruhusiwi kuuzisha motokari isiyofaa barabarani kana kwamba inafaa. Lakini kwa kawaida halazimishwi na sheria kukutajia kila kasoro ambayo hukuiuliza. Akinyamaza, anaweza kuwa salama mbele ya hakimu.

Ni hapo sasa mtu anajulikana. Sheria inamruhusu anyamaze. Anajua chini ya kizingiti cha kushoto kuna shimo la kuingia ngumi. Anajua mnunuzi ana watoto, na hao watoto watakaa kwenye kiti cha nyuma, juu ya chuma kilichooza. Hakuna mtu aliyemuuliza. Je, aseme?

Sheria ya Musa ilikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzishia. Watu wanafikiri jambo hilo lilihusu soko la ngano tu. Hapana. Kunyamaza juu ya shimo unalolijua ni jiwe jepesi. Umempimia mwenzako motokari nzima, umempa nusu.

Wala mnunuzi asijione mtakatifu. Yeye pia ana jiwe lake. Kuna mnunuzi anayefika kwa watoto wa marehemu, anaona kwamba hawajui thamani ya kitu cha baba yao, na anaanza kukitukana: "Hii ni chuma cha zamani, kampuni yenyewe ilikufa, vipuri havipatikani, nawasaidia tu kuondoa uchafu." Anajua vizuri kwamba anadanganya. Ni kweli kampuni ilianguka mwaka 2005, lakini vipuri vingi bado vinapatikana kupitia vyama na mafundi. Akifika nyumbani anajisifu mbele ya rafiki zake. Huyo naye amefanya jeraha. Ndugu yetu wa Birmingham, ukikuta motokari ni safi kweli, usiivunje kwa maneno ili uipate kwa bei ya bure. Na ukikuta kutu, ionyeshe kwa kidole, sema gharama yake, na mzungumze bei kwa wazi.

Tena uliza swali moja ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: nani ana haki ya kuuzisha? Kule motokari ina kitabu chake, wanakiita V5C, chenye jina la yule aliyeandikishwa. Lakini kitabu hicho chenyewe kinasema si uthibitisho wa umilikaji. Mwenyewe akifariki, kuna mtu anayetambuliwa na sheria kusimamia mali yake, na ndiye mwenye haki ya kuuzisha. Uliza kwa upole huyo ni nani, na kama ndugu wengine wanajua. Usitoe akiba ya miaka miwili halafu mtoto wa tatu atokee Jumapili akilia kwamba walimuficha.

Sasa turudi hapa kwetu, maana wengine mnasema: Pasta, sisi tuna baiskeli, motokari ya Waingereza inatuhusu nini?

Inatuhusu hivi. Ni mara ngapi shamba limeuzishwa na kaka mkubwa peke yake, na mjane wa marehemu anapata habari siku watu wanafika na jembe? Ni mara ngapi simu imeuzishwa sokoni ikiwa na kioo kipya na betri iliyokufa? Nyumba imepakwa rangi wiki moja kabla ya kupangishwa, na paa linavuja tangu mvua ya mwaka jana. Mbuzi amenyweshwa maji mengi asubuhi ya soko ili tumbo lijae. Pikipiki imesafishwa motere kwa petroli ili mafuta yanayovuja yasionekane mpaka jioni. Kila moja ya hizo ni Rover yenye bati jipya. Na kila mara kuna nyumba moja inayolala njaa kwa sababu mtu mwingine alinyamaza.

Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya kweli, lakini siku hizi kizuri na kibaya vyote vinatembezwa kwa picha moja, rangi moja, maneno yale yale. Kinachovitenganisha ni mtu anayesema: "Njoo, inama hapa, nikuonyeshe."

Nasikia mama mmoja anasema: nikitaja kasoro, si nitapoteza pesa? Ndiyo, mama, mara nyingine utapoteza. Sitakudanganya juu ya hilo. Mwenye kutaja shimo anaweza kuuzisha kwa bei ndogo kuliko jirani aliyelifunika. Lakini kuna faida mbili. Moja, kasoro uliyoitaja mwenyewe haiwezi kukufuata. Mnunuzi hawezi kurudi mlangoni kwako na polisi au na matusi kwa kitu ulichomuonyesha kwa mkono wako. Mbili, ukisema kwa wazi kile kibaya, basi kile kizuri ulichokitaja kinaaminiwa. Mtu aliyesema "kizingiti cha kushoto kimeoza" akisema pia "motere ni nzuri", nitamwamini juu ya motere. Yule aliyesema "kila kitu ni kizuri" hajanipa kitu cha kushika.

Kwa hiyo, ninyi wote mlio na kitu cha kuuzisha juma hili, iwe motokari, shamba, mbuzi au cherehani, fanyeni hivi leo usiku kabla ya kulala. Chukueni karatasi. Andikeni kasoro zote za kitu hicho mnazozijua ninyi tu, na mnunuzi hawezi kuziona. Someni karatasi hiyo pamoja, baba na mama, ndipo mpange bei. Na kesho mnunuzi akifika, mpeni karatasi kabla hajatoa pesa mfukoni.

Na ninyi wenye kununua, nendeni mchana, nendeni na mtu anayejua, inameni mtazame chini. Mkikuta mwenye kuuzisha amewatangulia kuwaonyesha mahali palipooza, mshukuruni, na msimnyonye.

Amani iwe nyumbani mwenu.